Deni, Riba na Mpaka Aliouweka Mwenyezi Mungu



Watu wengi siku hizi, wakipatwa na haja ya fedha, hawaendi tena kwa ndugu wala kwa jirani, bali hufungua simu zao. Huko Ulaya na Marekani mwenye kadi ya mkopo huiomba benki yake imwongezee kiwango cha kukopa. Kwetu sisi kadi hizo ni za wachache, lakini ombi lile lile limetufikia kwa njia ya simu. Nchini Kenya M-Shwari ilianza mwaka 2012, na Tanzania M-Pawa ikafuata mwaka 2014. Leo mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi Mgololo, au mchuma chai wa Mufindi, aweza kupata mkopo kabla maji ya chai hayajachemka. Akilipa upesi, kiwango chake hupandishwa. Kwa hiyo wako wanaokopa bila haja yoyote na kurudisha siku ya pili, ili tu waaminiwe na kuongezewa. Je, yafaa mwenye imani kuomba kuongezewa kiwango cha deni?

Kwanza ifahamike kwamba Islam haikuharimisha kukopa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqara, yahusu deni: yaamuru liandikwe, muda wake utajwe, na mashahidi wawepo. Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe alikopa, na alipofariki deraya yake ya vita ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya chakula cha nyumbani. Basi anayekopa kwa haja ya kweli, naye amenuia kulipa, hana la kuonea haya.

Lakini Mtume huyo huyo s.a.w. alikuwa akiomba sana katika sala alindwe na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza ya kuwa mtu akishikwa na deni husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Nani kati yetu asiyeyaona haya? Mtu mkweli huanza kuzima simu; huwaambia watoto waseme baba hayupo; hupita njia ya nyuma asionane na mwenye duka. Deni limekula fedha yake, kisha likala na ulimi wake. Tena jeneza lilipoletwa mbele ya Mtume s.a.w., naye akaambiwa kwamba marehemu ana deni na hakuacha cha kulilipia, hakumsalia mpaka Abu Qatada r.a. alipolibeba deni lile.

Pili, tutazame kiwango hicho hupima nini. Mtu akiletewa habari kwamba kiwango chake kimepanda, hufurahi kana kwamba amepandishwa cheo. La hasha! Mkopeshaji hutazama fedha zinazopita katika simu yako na jinsi ulivyolipa zamani, ili akisie kama fedha yake itarudi pamoja na faida. Hajui karo ya mtoto wako wala maradhi ya mama yako. Kiwango ni kipimo cha faida yake kwako. Si kipimo cha uwezo wako, wala cha heshima yako.

Fanya hesabu wewe mwenyewe. M-Shwari ilipoanza ilitoza 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Tuchukue kiasi hicho kuwa mfano. Anayekopa shilingi 100,000 hurudisha 107,500. Akiukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa 90,000 kwa ajili ya 100,000 ile ile. Akiongezewa kiwango hadi 200,000 na kufanya vivyo hivyo, atatoa 180,000. Mshahara wake haukuongezeka hata senti moja. Kilichoongezeka ni fungu la mshahara huo linaloliwa na mwingine.

Huenda akasema mtu: "Hiyo si riba, ni ada ya huduma." Jina halibadilishi kitu. Malipo ya kazi iliyofanyika ni ujira. Lakini ziada inayokua kwa wingi wa fedha na kwa kuchelewa kwa siku ni riba, hata ikiitwa zawadi. Qurani Tukufu imehalalisha biashara na kuharimisha riba. Na Taurati pia, katika Kitabu cha Kutoka 22:25, yakataza kumtoza maskini faida juu ya mkopo. Watu wetu wenyewe wameita mikopo ya namna hii "kausha damu", na jina hilo latosha kuwa ushahidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Basi usiingie mlango usiomjua mwenyewe.

Mwingine atasema: "Dunia ya leo haiwezi kwenda bila riba." Ajibiwe na reli ipitayo Mgololo. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. China ilikuwa na makusudi yake ya kisiasa, na mkopo ule ulibaki kuwa deni. Hata hivyo kazi kubwa kama ile ilifanyika bila riba. Na kiwanda cha karatasi cha hapo hapo, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kilijengwa kwa fedha nyingi za mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia; katika miaka ya 1990 kikasimama, hata kikauzwa. Wakazi wa Mgololo wajua kwamba mitambo yaweza kusimama. Lakini deni la riba halisimami. Hutembea usiku na mchana, na Jumapili halipumziki.

Basi afanye nini mwenye haja? Kabla ya kuomba kuongezewa, ajiulize: nitalipa kutoka wapi, na nikifa leo nani atalibeba? Asipokuwa na jibu, hapo ndipo mpaka wake. Aliyekwisha kunaswa aache kukopa huku ili alipe kule. Awaeleze jamaa zake ukweli, na aanze na deni moja mpaka liishe.

Nanyi mliojaliwa, neno hili ni lenu zaidi. Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Ikiwa jirani yako anakimbilia simu usiku wa manane kutafuta fedha ya dawa, yamkini ni kwa sababu mlango wako alikwisha kuuona umefungwa. Haitoshi kuhubiri kwamba riba ni haramu, na mkopo mwema haupatikani kwetu.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na mzigo wa deni, na atujalie kuwa wepesi wa kulipa na wepesi wa kusamehe. Amin.