Zawadi haifuti deni

Wakatekumeni wajifunzao Amri ya saba huuliza mara nyingi ulizo hili: Mtu akimdhulumu jirani yake, kisha akampa zawadi nzuri, je, deni lake limekwisha?

Mfano wake ndio huu. Mbuzi wa mtu mmoja wameingia katika shamba la jirani, wakala mahindi machanga. Mwenye mbuzi hasemi neno. Siku ya Noeli apeleka kuku mnono kwa jirani huyo. Jirani ashukuru, watoto wafurahi, wote wala pamoja. Lakini mbuzi bado hawajafungwa kamba. Kesho wataingia tena shambani.

Jambo hilo laonekana dogo, kwa kuwa ni la kijijini. Kumbe hutokea hata katika miji mikubwa ya dunia, na huko laonekana wazi zaidi.

Katika mji wa New York, huko Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Manhattan. Kwa miaka mingi maji machafu ya vyoo na ya jikoni, yatokayo upande wa magharibi wa kisiwa hicho, yalimwagwa katika mto Hudson bila kusafishwa. Wakuu wa mji wakaamua kujenga kiwanda kikubwa cha kuyasafisha kabla hayajaingia mtoni. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1986. Shauri lenyewe lilikuwa jema, wala hapana mwenye akili awezaye kulilaumu.

Lakini kijengwe wapi? Kwanza mahali pengine palifikiriwa, upande wa kusini. Mwishoni kikapelekwa Harlem, mtaa uliokaliwa hasa na watu weusi, wengi wao maskini. Wakazi walinung'unika. Ndipo walipoahidiwa kwamba juu ya paa la kiwanda itatengenezwa bustani ya watu wote.

Ahadi ilitimizwa mwaka 1993. Bustani hiyo yaitwa Riverbank, yenye ukubwa wa hekta 11 hivi, nayo ni nzuri kweli. Juu kuna nyasi na miti, viwanja vya michezo na bwawa la kuogelea; wazee waketi wakitazama mto. Chini ya miguu ya watoto wachezao, mashine zasafisha machafu ya mji usiku na mchana.

Hata hivyo, kuku yule hakuwafunga mbuzi. Tangu kiwanda kilipoanza kazi, harufu mbaya ilienea katika nyumba za jirani, na watu walilalamika kwamba macho yawasha na kupumua ni taabu. Mwaka 1988 wakazi waliunda chama cha kujitetea, na mwaka 1992 wakaushitaki mji mbele ya mahakama. Kwa mapatano yaliyofuata, dola milioni 1.1 ziliwekwa kwa faida ya mtaa, tena wakazi wakapata haki ya kuangalia kama mji watimiza ahadi yake ya kutengeneza kiwanda.

Pengine mtu atasema: Kiwanda lazima kiwe mahali fulani, basi ni lazima wengine wavumilie. Ndiyo, mzigo wa wote hauna budi kubebwa. Lakini ukiwekwa kila mara juu ya kichwa cha yule asiye na sauti, kwa sababu tu hana sauti, huo si mzigo wa wote tena. Ni dhuluma. Na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kufunikwa na maua.

Evanjili ya Mtakatifu Luka yaonyesha njia. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alipompokea Yezu nyumbani mwake, aliahidi mambo mawili. Nusu ya mali yake atawapa maskini: hiyo ni sadaka. Na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne: hilo ni deni. Zakayo hakuyachanganya. Hakusema kwamba, kwa kuwa amewapa maskini, basi aliowanyang'anya wanyamaze. Vivyo hivyo Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kwamba yapasayo kwa haki yatimizwe kwanza, ili mtu asitoe kama zawadi ya mapendo kitu ambacho ni haki ya mwenzake.

Je, watu wa Harlem walikosa kwa kuipokea bustani? Hapana. Watoto wao walihitaji mahali pa kuchezea, na kitu chema chapokelewa kwa shukrani. Lakini kupokea si kuuza ulimi. Walicheza bustanini, na wakaendelea kudai hewa safi. Hawakukosa adabu kwa kufanya hivyo: mwenye kudai haki yake bila chuki amsaidia hata mdeni wake, kwa maana amzuia asidumu katika dhambi.

Ajitayarishaye kwa Ubatizo ajichunguze basi. Labda ameazima jembe la mwenzake akalivunja, au amechelewesha mshahara wa aliyemlimia, na sasa afikiri kumfurahisha kwa maneno matamu na kikombe cha pombe. Kikombe ni chema, lakini kije baada ya jembe.

Ulizo: Zawadi yaweza kufuta deni la haki?
Jibu: Haiwezi. Yampasa mtu kwanza kuacha ubaya na kurudisha alichotwaa au kuharibu. Kisha atoe zawadi yake kwa moyo wa mapendo.

Ulizo: Aliyedhulumiwa aweza kupokea zawadi na bado kudai haki yake?
Jibu: Aweza, lakini adai pasipo chuki wala uongo.