Jawabu la Aliyeuliza Juu ya Kutoa Sadaka Motokaa Kuukuu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku waja wake kisha akazipokea sadaka zao, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani yetu hii, aliyehamia Marekani tangu miaka mingi. Auliza juu ya jambo ambalo huku kwetu si la kila siku, walakin hukumu zake ni zile zile tunazowasomesha wanafunzi katika milango ya sadaka, na hiba, na wakfu. Basi tumeona heri tumjibu kwa chapa, apate kufaidika na mwingine.

Asema ana motokaa ya nyumba. Kwa asiyeijua, hiyo ni motokaa kubwa mfano wa basi, ndani yake mna vitanda, na jiko la gesi, na tangi la maji, na choo. Mwenyewe huiendesha mchana akalala humo humo usiku, na watu wa Marekani huzipenda sana kwa safari zao za likizo. Aliipata kuukuu, watoto wake walipokuwa wadogo. Leo watoto wamekuwa watu wazima, mama yao amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na motokaa haijatoka mwaka wa tatu huu, naye hulipa kodi ya mahali inapowekwa. Paa lavuja. Alikuja mnunuzi, akataja bei ndogo hatta ndugu yetu akaona ni dharau. Ndipo akanuia kuitoa sadaka. Auliza: Je, nina thawabu, hali mimi mwenyewe siitaki tena? Je, nikipunguziwa kodi ya serikali kwa ajili yake, sadaka yangu hubatilika? Na je, yajuzu niihesabu katika zaka yangu ya mwaka huu?

Naanza na la mwisho, kwani ndilo jepesi. Haijuzu. Zaka iliyokupasa ni ya fedha zako zilizotimiza nisabu na kupitiwa na mwaka, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi zaka ya fedha hutolewa fedha, fungu moja katika mafungu 40, wala haitoshi kutoa kitu kingine kwa thamani yake. Motokaa unayoitumia mwenyewe haidaiwi zaka, na vile vile haiwi malipo ya zaka. Itoe sadaka ya sunna ukipenda, na zaka yako ibaki deni shingoni mwako mpaka uilipe.

Ama khabari ya kodi, nimeuliza watu wa huko, nao wamenieleza hivi. Zamani mtu alikuwa akitoa motokaa yake mbovu, kisha akawaandikia watu wa kodi thamani ya motokaa nzima. Serikali ikafunga mlango huo: tangu mwaka 2005, motokaa inayohesabiwa zaidi ya dola 500, jumuiya iliyopewa ikiiuza, mtoaji hana haki ya kuandika illa kadiri ile iliyouzwa, naye apewe hati na jumuiya hiyo. Wakiitumia wenyewe sana katika kazi yao, au wakiitengeneza matengenezo makubwa, au wakimpa maskini kwa kuwa ndiyo kazi yao, hapo yafaa kuandika thamani yake ya sokoni kama ilivyo siku hiyo, pamoja na kasoro zake.

Kupokea nafuu hiyo hakuibatili sadaka. Masahaba walipoona vibaya kufanya biashara siku za Hija katika masoko ya Ukadh, na Majanna, na Dhul-Majaz, iliwashukia Aya ya 198 ya Suratul Baqara kuwajulisha kwamba si dhambi kutafuta fadhila ya Mola wao. Hija yao ilibaki Hija. Lakini hapana mtu aliyesema kwamba aliyekwenda kwa ajili ya soko tu ni sawa na aliyekwenda kwa ajili ya Al-Kaaba. Kila mmoja hulipwa kwa nia yake. Na ukiandika dola elfu kumi juu ya kitu kisichofika elfu mbili, huo ni uwongo, na uwongo unaovishwa nguo ya sadaka mimi nauona mbaya kuliko uwongo wa sokoni.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Ansari wa Madina walikuwa na desturi, wakati wa kuvuna tende, kuleta mashada na kuyatundika juu ya kamba baina ya nguzo za msikiti wa Mtume (S.A.W.), ili mafakiri wa Suffa wapate kula, mwenye njaa huligonga shada kwa fimbo yake, zikamwangukia. Baadhi ya watu wasiokuwa na hamu ya kheri wakaleta mashada ya tende mbovu, zilizonyauka na kuvunjika, wakayatundika pamoja na yale mengine. Ndipo iliposhuka Aya ya 267 ya Suratul Baqara, kuwakataza waumini kukusudia kilicho kibovu wakakitoa, hali lau wangelipwa wao wasingekipokea illa kwa kufumba macho.

Taamali hapo, ndugu yangu. Aya haikukataza kutoa kilichotumika. Kanzu uliyoichoka humsitiri aliye uchi, na godoro la mwanao aliyeoa humfaa mgonjwa. Kilichokatazwa ni kukusudia ubovu. Na kipimo umepewa: lau mtu anadaiwa na wewe, akakuletea motokaa hii kulipa deni lako, je, ungeipokea macho wazi?

Basi nenda kaisimamie. Maji yaingiayo katika maungio ya paa hushuka ndani ya kuta, yakaozesha mbao pasipo kuonekana, hatta siku moja ukanyagapo sakafu karibu ya mlango ukaisikia laini. Tazama tairi: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za kwanza ni juma na mbili za pili ni mwaka, iliyoandikwa 1416 ilifanywa juma la 14 la mwaka 2016, na mpira huzeeka hatta usipokwenda njia. Tazama jiko na kipasha joto cha gesi, kwani kikiharibika hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, na watu wamekufa kwayo usingizini. Wewe wazijua kasoro zake kwa kuwa umekaa nayo miaka. Atakayepewa ni mtu asiye na pengine pa kulala, naye atawalaza watoto wake humo usiku ule ule. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikapata umaji, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu watu waione. Hiyo ilikuwa biashara, ambayo mnunuzi ana ulimi wa kurudisha kitu. Aliyepewa sadaka ana ulimi gani?

Nami nina sababu ya kulikaza neno hili. Chuoni kwetu tuliletewa zamani jenereta na mtu ambaye sitamtaja. Tuliipokea kwa dua na kahawa. Ilinguruma mchana mmoja ikazimika. Tukamwita fundi, akataka fedha, tukampa. Ikazimika tena, tukampa nyingine, nazo zilikuwa fedha za mikeka. Mpaka leo i uani, na kuku wa nyumbani kwangu hutaga humo. Yeye alipata jina la ukarimu, sisi tukapata deni la fundi. Kuikataa hatukuweza, kwani mhitaji huona haya kuchagua.

Kwa hivyo, litengeneze paa kwanza. Au ukishindwa, itoe pamoja na fedha za matengenezo, na kasoro zote uziandike kwa mkono wako.

Kisha angalia unampa nani. Wako mawakala huko ambao huchukua motokaa kwa jina la jumuiya za kheri, wakaziuza mnadani, wakakata ujira wao, na kinachobaki ndicho kinachowafikia maskini. Hilo si haramu ikiwa ujira wajulikana, lakini uulize ni kiasi gani. Na iko njia nyingine. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa msituni uliuteketeza mji wa Paradise katika California. Wakafa watu 85, yakaungua majengo zaidi ya 18,000. Mtu mmoja wa Denver alinunua motokaa ya nyumba iliyotumika, akampakia binti yake wa miaka sita, wakaiendesha maili zaidi ya elfu mpaka huko, wakaikabidhi kwa watu waliounguliwa na nyumba yao. Baada yake wengine wakatoa zao kuukuu kwa namna hiyo hiyo. Dini yake sikuiuliza. Nilijiuliza sisi.

Na ukitaka idumu, yajuzu kuifanya wakfu, mfano kwa jumuiya inayozungusha waganga kwa mafakiri. Katika madhehebu yetu wakfu wa kitu kinachochukulika wasihi, maadam hunufaisha na chenyewe kikabaki. Na Khalid bin Walid aliziweka wakfu deraya zake na zana zake za vita. Lakini wakfu wataka matunzo, basi utaje yatatoka wapi, ama sivyo itakuwa jenereta yetu.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Katika barua yako, mahali pawili, hukuandika "nilinunua", umeandika "tulinunua". Ikiwa marehemu alitia fedha zake katika bei, fungu lake limekuwa mirathi tangu siku aliyokufa. Wewe kwa kuwa mna watoto una robo ya fungu hilo, na kilichobaki ni cha watoto, pamoja na wazazi wake kama wako hai. Huwezi kuitoa sadaka mali ya watu kwa nia yako wewe, hatta iwe nia njema namna gani. Wakusanye uwaambie, wakiridhia wote, nao ni watu wazima wenye akili, itoeni pamoja, na thawabu ni yenu nyote pamoja nanyi kumwombea. Na ikiwa benki bado inaishika rehani, hapana la kutoa mpaka benki iruhusu.

Nimesema haya kwa sababu ya yale maneno uliyoandika pembeni mwa karatasi, kwamba mwanao mkubwa akusudia kuinunua mnadani ikiuzwa, kwa kumbukumbu ya mama yake, na pengine wewe utamsaidia bei. Wewe usimsaidie. Sayyidna Umar alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, yule mtu akampuuza, Umar akataka kumnunua akidhani atampata rahisi, Mtume (S.A.W.) akamkataza asirudie sadaka yake, hatta akipewa kwa dirhamu moja. Maulamaa wetu wameihesabu katazo hili kuwa ni karaha, walakin karaha iliyotoka kinywani mwa Mtume si kitu cha kuchezea.

Lakini kwa nini mwanao aifuate mnadani? Abu Talha alipoitoa bustani yake ya Bairuha, mali aliyoipenda kuliko zote, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aigawe kwa jamaa zake. Ikiwa kijana anaitaka, na nduguze wameridhia, mwachieni leo pamoja na paa lake linalovuja, nao nduguze uwape mfano wa kile ulichompa katika fungu lako. Na kwa wale waliounguliwa nyumba, toa zile fedha ulizokuwa ukilipa kila mwezi kwa mahali pa kuiweka. Wallahu aalam.