Siku nne za msiba, za kuuguza hakuna

Jumanne wiki hii, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, mwenzetu mmoja ofisini alitamka neno ambalo mpaka leo halijanishuka. Alikuwa akimsema dada tunayefanya naye kazi, ambaye mama yake alipata kiharusi mwaka jana akapooza upande wa kulia. "Siku hizi kamwajiri mtu wa kumsimamia mama yake," akasema. "Mama mzazi! Hata kumlea mzazi nako tumeanza kutoa tenda." Wengine wakatikisa vichwa. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniumiza, maana ya dada huyu nayajua tangu mwanzo.

Meza zetu zimepakana. Kwa miezi mingi alikuwa na kauntabuku ya jalada jekundu, kona zimeliwa, kila ukurasa siku moja: presha ya asubuhi, sukari kabla ya uji, amekwenda choo au hakwenda, kageuzwa saa ngapi. Aliyekuwa akimsomea namba hizo kwenye simu ni dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa aliyeletwa mjini kuosha vyombo na kushika mtoto, akajikuta anauguza. Simu ikiita katikati ya kikao, mwenzangu hutoka koridoni na kunong'ona: "Mwinue kwanza, usimpe maji akiwa amelala." Akirudi, anaulizwa hesabu za robo mwaka.

Kliniki zilikuwa tatu: ya presha Jumatatu, ya sukari Jumatano, mazoezi ya viungo Ijumaa. Kila safari ni teksi, ni vijana wawili wa mtaani wa kumshusha mama ngazi, ni foleni, ni kuambiwa mtandao wa bima hausomi, subirini. Ruhusa zikamwishia. Ikaja barua ya onyo. Siku moja nilipita nyuma yake nikaona kwenye kompyuta yake barua ya kuacha kazi, imekamilika, bado tarehe tu.

Aliyeizuia barua ile ni muuguzi mstaafu, jirani wa shangazi yake. Watoto watano wa yule mama walikubaliana kwenye grupu la familia kumlipa shilingi elfu thelathini kila mmoja kwa mwezi. Sista huyu haoshi mgonjwa wala hapiki uji. Siku ya kwanza aliomba dawa zote zimwagwe kitandani juu ya kanga. Akavaa miwani, akasoma pakiti moja moja, kisha akatenga mbili. "Mwanangu," akamwambia mwenzangu, "hizi ni dawa moja. Kampuni mbili, majina mawili, ndani kitu kile kile. Kliniki hii wamempa, na ile nayo wamempa." Kumbe mama alikuwa akimeza dozi maradufu, na kile kizunguzungu walichokuwa wakikiita uzee kilianzia hapo. Sista hakuondoa kidonge hata kimoja. Aliandika orodha, akafuatana nao kwa daktari, na daktari mwenyewe akafuta dawa moja.

Baada ya hapo akaomba kliniki mbili ziwekwe siku moja. Akamfundisha yule binti kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kumwekea mto kati ya magoti, ili asipate vidonda vya kulalia. Kaka aliyeko Mwanza, ambaye mchango wake ulikuwa "poleni sana" kwenye grupu, akabebeshwa gharama za dawa za mwezi mzima. Na simu za mchana siku hizi zinaanza kwa sista.

Nilikwenda kumjulia hali mama yule jioni moja. Nilimkuta mwenzangu ameketi nyuma yake kitandani, anamsuka nywele, mama ameshika kitana kwa mkono wa kushoto. Wanacheka. Tangu kiharusi kilipotokea sikuwa nimemwona dada huyu akiwa mtoto wa mama yake. Nilikuwa nikimwona akiwa karani wa ugonjwa wake.

Huyo ndiye aliyeitwa tenda.

Nawajua watakaonijibu, na wengi ni watu ninaowaheshimu. Watasema radhi za mama hazipatikani kwa kutuma mtu, na kwamba bibi zetu waliwauguza wazee wao bila wasimamizi. Ni kweli waliwauguza, lakini hebu tukumbuke nyumba zile zilivyokuwa. Shangazi yupo, mke wa mjomba yupo, mabinti watatu wapo, na hakuna hata mmoja anayetakiwa kuwa Posta saa mbili kamili kutokea Mbagala. Bibi mwenye kauli kubwa ndiye aliyekuwa akiamua leo nani analala na mgonjwa na nani anakwenda kisimani. Usimamizi ulikuwepo, ila haukuwa na jina wala mshahara. Nyumba ile imeshavunjika, na kazi yake yote tumemtwika binti mmoja mwenye kazi ya ofisini, kisha tunampimia mapenzi yake kwa wingi wa uchovu wake.

Wengine watasema hiyo ni anasa ya wenye fedha. Elfu thelathini ni fedha, sibishi, na wapo wasioweza kuitoa. Lakini sisi ndio tunaochangishana laki mbili mbili za harusi ya mtoto wa jirani na kadi tunazipokea kwa mikono miwili. Na kwa asiye nacho kabisa, swali linahamia kwa mwajiri na kwa serikali, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, sheria hiyo inataja kifo tu. Baba yangu alipolazwa, niliomba ruhusa mara tatu kwa mwajiri wangu wa wakati huo, na mara ya tatu nikajibiwa kwamba nachezea kazi. Alipofariki nilipewa siku zangu nne, bahasha ya rambirambi na gari la ofisi la kwenda mazishini. Nilishukuru, lakini siku nne zile ningezitumia vizuri zaidi wiki mbili kabla, wakati alipokuwa bado anaweza kuniambia anataka nini.

Japani walilitazama jambo hili wakaliwekea bima mwaka 2000. Kila mtu akifika miaka 40 anaanza kuchangia. Mzee akithibitishwa kwamba anahitaji msaada, anapata msimamizi wa matunzo aliyesomea kazi hiyo: anampangia huduma, anazungumza na watoa huduma, anamtembelea nyumbani, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na kwa mipango hiyo familia hailipi. Mfanyakazi anayeuguza anaruhusiwa likizo ya hadi siku 93 kwa kila ndugu, na anaweza kuigawa mara tatu. Hata hivyo huko nako bado maelfu ya watu huacha kazi kila mwaka ili wauguze. Sasa huku kwetu, ambako mtu hana hata siku moja yenye malipo ya kumuuguza mzazi, nani atabaki kazini?

Hatuanzii patupu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inafundisha watu wa fani ya ustawi wa jamii. Hospitali zetu kubwa zina maafisa ustawi wa jamii, ingawa wengi wetu tunawafuata kwa jambo moja tu, msamaha wa gharama. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mmoja wao katika kila mtaa apewe kazi ya yule sista: ajue nani kapooza, anameza nini, kliniki yake lini, na mtoto wake anafanya kazi wapi. Hospitali nayo isimruhusu mgonjwa wa kiharusi kutoka wodini kabla familia haijapewa jina na namba ya mtu huyo. Na wabunge waongeze kwenye kifungu cha 34 maneno matatu: ugonjwa wa mzazi.

Jumanne ijayo nitakunywa chai meza ile ile, na safari hii nitasema. Nawe, kama kazini kwako yupo anayetoka koridoni kila simu ikiita, kabla hujamwandikia barua muulize nyumbani anamuuguza nani.