Ponda Mali, Kufa Kwaja: Methali Inayosingiziwa

Viazi vikishauzwa, methali hii husikika. Malori yamepakia magunia ya lumbesa pale Uyole, Mbeya, dalali amelipa, na mkulima aliyeteremka kutoka milima ya Uporoto ameshika fedha ambazo hajazishika tangu msimu uliopita. Baada ya chupa kadhaa anaagizia meza nzima. Mwenzake akimkumbusha ada ya mtoto, jibu liko tayari: ponda mali, kufa kwaja. Mazungumzo yanaishia hapo, maana nani atabisha kwamba kufa kwaja?

Nusu hiyo ya pili haipingiki, ndiyo maana nusu ya kwanza hupita bila kuulizwa. Mimi naona methali hii inasingiziwa. Anayemwaga fedha kwa sababu atakufa hajaacha kuogopa kifo, anakikimbia. Amezihesabu siku zake, ameziona chache, sasa anataka kuzishindilia raha zote kabla mlango haujafungwa. Raha ya namna hiyo haina utulivu. Glasi bado iko mkononi, macho yameshatangulia kwenye glasi nyingine.

Bahili naye anakimbia, ila kwa njia yake. Anajinyima nyama, mkewe anaomba fedha ya chumvi kama mtu anayeomba mkopo, na yote hayo ni kwa sababu moyoni anaamini kwamba mwenye akiba ya kutosha hafikiwi na baya. Mfujaji na bahili hucheka na kulaumiana maisha yao yote, lakini hofu yao ni moja. Methali haimsifu yeyote kati yao. Naielewa kuwa inamsema aliye na kitu kizuri mbele yake, hata kiwe kidogo, akakataa kukionja kwa kusubiri siku ambayo hajaahidiwa.

Na vizuri vidogo ndivyo vingi. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake huingia mifupani. Asubuhi kama hizo kikombe cha chai ya moto, majani yakiwa yametoka Rungwe, na sahani ya viazi vya kuchemsha ni raha kamili isiyohitaji nyongeza. Au maharage. Kituo cha utafiti wa kilimo, siku hizi TARI Uyole, kimeufanya mji huu ujulikane hadi kwenye mbegu za maharage: kuna Uyole 96, kuna Uyole Njano. Mkulima akiletewa mbegu mpya huuliza mavuno, kisha huuliza kama maharage yake yanaiva upesi na kama mchuzi wake ni mtamu. Swali hilo la mchuzi nalipenda sana. Linatoka kwa mtu anayefanya kazi ngumu ya jembe na bado hajasahau kwamba kazi yenyewe ni kwa ajili ya kula vizuri na watu wake.

Kifo hakiko mbali na sahani hiyo. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita hapohapo, njia ya Tukuyu, Kyela na Malawi inachepuka hapohapo, na malori yaliyokatika breki kwenye miteremko ya Mbeya yameua watu wengi. Wanaokunywa chai kando ya barabara hiyo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hawajalisahau, ila hawaliruhusu liwapozee chai.

Mgiriki Epicurus, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, alisingiziwa kama methali yetu inavyosingiziwa. Jina lake limefanywa alama ya ulafi, ilhali alikaa na marafiki katika bustani yake huko Athens wakishiba mkate na maji, na kipande cha jibini alichoomba kwa rafiki kilimtosha kuwa karamu. Juu ya kifo alishikilia kwamba mtu na kifo chake hawakutani kamwe, basi hakuna wa kuumizwa. Naikubali hoja hiyo nusu. Kifo changu huenda kisinikute, lakini kifo cha mama, cha mtoto, cha jirani hunikuta mzimamzima, na hapo Epicurus ananiacha mikono mitupu.

Kwa jambo hilo Wanyakyusa walifika mbali zaidi. Ukishuka kutoka Uyole kwa njia ya Tukuyu unaingia Rungwe, kwao, na huko, katika miaka ya 1934 hadi 1938, walifanya utafiti wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica. Godfrey aliandika kwa kirefu juu ya mazishi. Wanawake waliomboleza kwa sauti kuu, ng'ombe walichinjwa, kisha wanaume wakashika mikuki wakacheza ngoma kwa kurukaruka, kilio kikiendelea palepale. Kadiri muda ulivyosonga ngoma ilichangamka, vicheko vikarudi, vijana na wasichana wakaanza kutazamana. Mgeni angeona utovu wa heshima. Wenyeji waliiona ngoma hiyo kuwa sehemu ya kumfariji mfiwa, kumtoa kwenye huzuni na hofu. Hawakudai kwamba kifo hakiumi. Walikililia kwanza, wakakiacha kiume, kisha wakakataa kukipa siku nzima.

Monica naye, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza kitu walichokithamini kuliko vingi: ukwangala, yaani kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkaongea bila haraka. Wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja ili maisha hayo yawezekane, na aliyependa kula peke yake hakusifiwa. Hapo ndipo naona mali inapopondwa inavyostahili. Chakula kilicholiwa na wanne kimekwisha, lakini wanne hao ndio watakaokaa nawe msibani.

Atakayenijibu kwamba akiba haiozi hajakosea. Mtoto lazima asome, na mbegu ya mwakani haipikwi mwaka huu. Lakini kuweka akiba hakumlazimu mtu kuogopa. Kule Mufindi, upande wa Iringa, wazee hupanda misindano ambayo huchukua karibu miaka 20 kufaa kwa mbao. Mzee wa miaka 70 anayechimba mashimo ya miche hiyo anajua hesabu yake. Ameshapatana na kifo chake, ndiyo maana jembe halimwii zito.

Wazee hao hao, mvua zikinyesha, hugema ulanzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, mbeta ikafungwa kukinga utomvu, na asubuhi kinachokusanywa ni kitamu hata watoto wanakitaka. Kikikaa siku chache kinakuwa kikali, na mvua zikikatika msimu umekwisha. Hakuna anayeuficha ulanzi mtamu ghalani kungojea harusi ya mwakani. Jirani anaitwa siku hiyohiyo, wanakunywa wakizungumzia bei ya mbao, na kesho yake asubuhi mwenye shamba anarudi kupalilia miche.