Pumziko Katikati ya Mbio

Mazoezi ya vipindi ni utaratibu wa kukimbia umbali mfupi kwa kasi kubwa, kupumzika kwa muda uliopangwa, kisha kurudia tena mara kumi, ishirini au zaidi. Mkimbiaji wa mita 5,000 anaweza kupewa mizunguko 12 ya uwanja, kila mmoja mita 400, kwa kasi ambayo asingeweza kuidumisha mbio nzima, naye hutembea au hukimbia taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Kwenye daftari la kocha kasi huandikwa kwa sekunde na hata kwa sehemu ya sekunde, ilhali pumziko hutajwa kwa neno moja mwishoni mwa mstari. Hata hivyo hapo kwenye pumziko ndipo penye swali gumu, na wanafalsafa na wanazuoni walilishughulikia karne nyingi kabla ya saa ya kupimia mbio kubuniwa. Je, mtu hupumzika kwa ajili ya kazi, au pumziko lina thamani yake lenyewe?

Miongoni mwa wa kwanza kulipa pumziko nafasi ya heshima katika riadha walikuwa Wajerumani wawili waliohusishwa na Freiburg, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell, kuanzia miaka ya 1930. Kwa utaratibu wao, mwanariadha hukimbia mita 100 au 200 hadi mapigo ya moyo yafike karibu 180 kwa dakika, halafu husubiri yashuke hadi 120. Yakikawia zaidi ya sekunde 90 kushuka, basi kazi ilikuwa nzito mno na hupunguzwa. Hoja ya Reindell ilikuwa ya kushangaza kwa wakati wake: moyo hupata faida yake kubwa mkimbiaji anaposimama, kwa kuwa katika sekunde zile za mwanzo damu hurudi kwa wingi na kila pigo husukuma zaidi. Mbio zenyewe zilikuwa kichocheo tu. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mjini Milan mwezi Julai 1939, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1955. Harbig mwenyewe hakuuona mwaka huo; aliuawa vitani 1944.

Wanasayansi waliofuata hawakuikubali hoja hiyo yote. Leo wengi husema kwamba moyo na misuli huchochewa zaidi na dakika ambazo mwili hutumia oksijeni karibu na ukomo wake, na kwamba pumziko lina faida kwa sababu huwezesha dakika hizo kuwa nyingi. Jaribio lililofanywa Stockholm na kuchapishwa 1960, na akina Irma na Per-Olof Åstrand na wenzao, lilionyesha jambo hili kwa namna inayostahili kufikiriwa na hata asiyejali michezo. Mtu alipewa kazi nzito ya baiskeli ya maabara ambayo, akiifanya mfululizo, ingemshinda baada ya dakika chache. Ilipogawanywa kuwa nusu dakika ya kazi na nusu dakika ya kupumzika, aliweza kuifanya saa nzima, na lakteti katika damu yake ikabaki chini. Ilipogawanywa kuwa dakika tatu kwa dakika tatu, aliimaliza saa akiwa hoi. Jumla ya kazi ni ileile na jumla ya pumziko ni ileile, nusu saa kwa nusu saa. Kilichotofautiana ni mahali pumziko lilipowekwa. Kwa hiyo anayehesabu mapumziko kwa wingi wake tu, awe kocha au mwajiri, anahesabu kitu kisichotosha.

Sasa swali lenyewe. Aristotle aliona kwamba burudani na maliwazo hayawezi kuwa shabaha ya maisha. Mtu huyatumia kwa kuwa hawezi kufanya kazi bila kukoma, na katika kitabu chake cha siasa anashauri yatolewe kwa wakati wake kama dawa. Juu ya hayo aliweka faragha ya juu zaidi, ile ya kutafakari, ambayo kazi zote hufanywa ili ipatikane. Kocha wa mbio anapoandika “pumzika sekunde 90” anaonekana kutoa dawa kwa maana hiyohiyo ya Aristotle, na kipimo hakikosekani.

Tatizo lilijitokeza pale dini ilipoanza kujitetea kwa lugha ya uwanjani. Katika karne ya kwanza Warumi wengine waliwadharau Wayahudi kwa Sabato yao. Mwanafalsafa Seneca alisema wanapoteza sehemu ya saba ya maisha kwa uvivu. Philo, Myahudi wa Alexandria aliyesoma falsafa ya Kigiriki, aliijibu dharau ya namna hiyo akisema kwamba siku ya saba humrudishia mtu nguvu ili arudi kazini akiwa imara, na akawatolea mfano wanariadha, ambao nao hutweta na kukusanya nguvu kabla ya kuendelea. Jibu hilo lilimfaa msomaji wa Kirumi. Baada ya takriban karne kumi na tisa, rabi Abraham Joshua Heschel, katika kitabu chake kuhusu Sabato kilichotoka New York 1951, alilikataa. Kwake Philo alikuwa amesema kwa roho ya Aristotle badala ya roho ya Biblia: Sabato haikuwekwa kwa ajili ya siku sita, bali siku sita ndizo zinazoielekea Sabato.

Heschel yuko sahihi kuhusu Sabato, na Philo yuko sahihi kwa kiasi kuhusu wanariadha. Kosa liko katika kudhani kwamba aina za pumziko ni hizo mbili tu, chombo cha kazi au kilele cha maisha. Sekunde 90 za Freiburg hazimo katika yoyote kati ya hizo. Mkimbiaji anayetembea ukingoni mwa uwanja, mikono kiunoni, hajaacha zoezi, kwani akiyaondoa matembezi hayo zoezi lote hubadilika kuwa jambo jingine. Mfano wa karibu zaidi umo ndani ya swala. Kikao baina ya sijida mbili ni nguzo kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, na utulivu ndani yake, tumaanina, nao ni wa lazima. Anayeinuka kutoka sijida na kurudi chini papo hapo bila kutulia hakuokoa muda, hakuswali. Hadithi ya mtu aliyeswali mbiombio msikitini na Mtume akamrudisha mara tatu aswali upya inajulikana na kila aliyepita madrasa. Kikao kile hakipo ili kumwandaa mtu kwa sijida ya pili, wala si faragha iliyo juu ya ibada. Ni kiungo chake.

Hapa ndipo kocha anapoingia, na si kama mtu wa kusukuma. Wakimbiaji wa masafa marefu, tofauti na watu wengi, hawahitaji sana kuhimizwa wafanye zaidi. Wanaofika ngazi ya juu ni wale ambao mateso ya mazoezi yamekwisha kuwa mazoea na hata tamaa. Emil Zátopek, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja mjini Helsinki 1952, alijifunza karibu yote peke yake, na kwa siku aliweza kurudia mita 400 mara sitini, na pumziko lake halikuwa kusimama bali mita 200 za kukimbia taratibu. Kwake ilifaa. Walioiga hesabu yake bila mwili wake walivunjika, na sehemu kubwa ya ualimu wa mbio tangu wakati huo imekuwa jitihada ya kumzuia mtu asijifanye Zátopek.

Mwenye bidii anayekataa kupunguziwa ana historia ndefu katika dini. Abdullah bin Amr bin al-As, sahaba aliyekuwa kijana mwenye nguvu, alifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari zilipomfikia Mtume, alimwambia afunge na afungue, asimame na alale, kwa kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake. Akampangia siku tatu kwa mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, akasema anaweza zaidi, hadi wakafika kwenye saumu ya Nabii Daud, siku moja kufunga na siku moja kula, na hapo akaambiwa hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Aliishika maisha yake yote. Alipozeeka na nguvu zikamwisha, alikuwa akisema laiti angaliikubali ile ruhusa ya kwanza, lakini hakupenda kuiacha ada aliyomwahidi Mtume.

Kisa hiki kina mambo matatu ambayo vitabu vya ukocha huyazungumza kwa kurasa nyingi. La kwanza, kipimo hakikutolewa kimoja kwa watu wote. Kilijadiliwa na mtu mmoja, kwa hali yake. La pili, kikomo kilikuwapo, na mwalimu hakukivuka ingawa mwanafunzi aliomba. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: mzigo unaobebeka katika ujana hupimwa kwa nguvu za siku hiyo, na mwenye kuubeba hana namna ya kujua uzito wake wa baadaye. Kocha anayeona miaka kumi mbele ana ujuzi ambao kijana wa miaka kumi na minane hawezi kuwa nao, hata awe mwerevu kiasi gani. Hapo utiifu kwa kocha hupata sababu inayokubalika kiakili. Hapo pia hupata mpaka, maana kocha ambaye malipo yake yanategemea mbio za msimu huu ana sababu ya kutotazama miaka kumi.

Je, pumziko linaloagizwa na kocha bado ni pumziko? Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alifundisha katika kitabu chake Ihya kwamba jambo la mubaha, yaani lililoruhusiwa tu, kama kula au kulala hugeuka ibada mtu akilinuia nguvu za kumtii Mungu. Kwa mantiki hiyo nia ndiyo hulipa tendo sura yake, na usingizi wa mchana wa mwanariadha, ulioandikwa kwenye ratiba yake kama mbio zilivyoandikwa, ni kazi halali ya ufundi wake. Nadharia hii ina nguvu, lakini ina pengo ambalo mazoezi hulifichua. Yapo mapumziko ambayo hayaji mtu akiyanuia. Mwaka 1954 Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alikuwa akikimbia yadi 440 mara kumi na kupumzika dakika mbili kila baada ya mzunguko, akitafuta wastani wa sekunde 60. Alikwama kwenye 61. Yeye na rafiki yake Chris Brasher wakaacha uwanja, wakaenda Scotland kupanda milima siku chache. Waliporudi, alikimbia mizunguko yake kwa sekunde 59, na tarehe 6 Mei, huko Oxford, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, kwa 3:59.4. Kupanda majabali si kulala; miguu haikupumzika sana kule. Kilichopumzika ni ile sekunde 60 iliyokuwa imemkaa kichwani, na isingeweza kutulia kama angekwenda Scotland ili kuituliza.

Iten, mji wa Elgeyo Marakwet nchini Kenya ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, unaonyesha aina hizi zikiishi pamoja. Ndipo Colm O'Connell, bradha wa Kikatoliki kutoka Ireland, alipofika 1976 kufundisha shule ya St Patrick's bila kuwa na mafunzo ya ukocha, na hatimaye akamlea David Rudisha hadi dakika 1:40.91 za mita 800 katika Olimpiki ya London 2012. Wiki ya makundi mengi ya mji huo ina siku ya uwanjani, siku ya fatileki ambapo dakika ya kasi hufuatwa na dakika ya taratibu, na siku ya mbio ndefu. Jumapili wengi hawakimbii, huenda kanisani. Ni rahisi kusema kwamba ibada imekuwa kisingizio cha misuli, au misuli kisingizio cha ibada, lakini siku moja inaweza kubeba nia mbili bila unafiki. Kipimo hupatikana pale nia hizo zinapogongana. Marathoni za London, Berlin, Chicago na New York hukimbiwa Jumapili, na wanaokwenda kanisani Iten huzikimbia. Eric Liddell alikataa kukimbia mchujo wa mita 100 katika Olimpiki ya Paris 1924 kwa kuwa uliangukia Jumapili, akaingia mita 400 na kuzishinda kwa sekunde 47.6. Mkimbiaji wa Iten hana sababu ya kulaumiwa kwa kutofanya kama Liddell. Ila Jumapili yake, ikiwa husogezwa na kalenda ya mashindano, iko upande wa Philo, na ya Liddell iko upande wa Heschel.

Miaka ya karibuni saa za mkononi zimeanza kupima usingizi, kuhesabu tofauti ndogo za muda kati ya pigo moja la moyo na jingine, na kumpa mkimbiaji alama ya asubuhi kabla hajatoka kitandani. Kwa pumziko la baina ya mizunguko, kifaa hicho kinaendeleza tu kazi aliyoianza Gerschler kwa kuhesabu mapigo, na kinaifanya vizuri zaidi. Kwa usiku na siku ya mapumziko hali ni nyingine, maana anayeamka na kusoma kwamba amelala vibaya ameanza siku akiwa ameshashindwa zoezi moja, na yule anayelala akiifikiria alama ya kesho hajautoka uwanja. Baadhi ya makocha sasa huzisoma takwimu hizo wao wenyewe na kumficha mkimbiaji wiki ya mashindano. Wengine humwachia avue saa siku moja kwa wiki, na siku hiyo hawamuulizi chochote.