Kumjua Masikini Kabla ya Kumpa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka unapokaribia mwezi wa Ramadhani hukusanywa mali katika misikiti yetu ikagawiwa. Mali hutoka, dua huombwa, na mwaka wa pili yake hurejea mlangoni watu wale wale, na umasikini ule ule, pengine umezidi. Hatusemi kwamba watoaji hawana ikhlasi. Twasema kwamba twatoa bila ya kujua, na kutoa bila ya kujua ni kutimiza nusu tu ya amana.

Na tuanze kwa kujilaumu nafsi zetu. Mwaka mmoja sisi wa darsa hii tuligawa zaka kwa waliokuja msikitini, tukarudi majumbani tumeridhika. Baada ya Idi ndipo tulipopata khabari kwamba mjane mmoja, ambaye nyumba yake haiko mbali na msikiti, alikuwa akifuturu yeye na wanawe kwa muhogo na chai ya rangi mwezi mzima. Hakuja mlangoni kwa kuona haya. Hapana aliyemnyima, lakini pia hapana aliyemuuliza. Qur'ani imetutajia watu kama hao, ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri kwa vile wasivyoomba. Nasi Aya hiyo tulikuwa tumeisoma darsani, tukaifasiri, tukaipita!

Kosa hili la kutoa kwa kukisia si letu peke yetu, na wako waliolichunguza papa hapa Kenya. Katika mwaka 1996, huko Busia, magharibi ya nchi yetu, skuli 25 za msingi zilipewa vitabu vya kusomea. Nani angebisha kwamba vitabu ni kheri? Lakini wachunguzi, mmoja wao akiwa ni Michael Kremer, bingwa wa ilimu ya uchumi kutoka Marekani, hawakutosheka na dhana. Waliwalinganisha watoto wa skuli zile na wa skuli ambazo zamu yao ilikuwa haijafika. Wakaona kwamba kwa jumla watoto hawakuzidi katika mitihani; waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya tatu, basi aliye dhaifu hakuweza kuvisoma.

Katika mwaka 1998 Kremer na mwenzake Edward Miguel wakaliangalia jambo lisilotiwa maanani na watu, nalo ni minyoo ya tumbo. Skuli 75, zenye watoto zaidi ya 30,000, ziligawanywa mafungu matatu zikapewa dawa kwa zamu, ili fungu lililotangulia lilinganishwe na lililokuwa likingoja. Ikadhihiri kwamba kukosa skuli kulipungua kwa kadiri ya robo. Hata watoto wasiomeza dawa katika skuli zile walifaidika, kwa kuwa maambukizo yalipungua. Alama za mitihani hazikupanda, nao hawakulificha hilo. Hesabu zao waliziwacha wazi, na katika mwaka 2015 wataalamu wengine walizirudia, wakasahihisha baadhi yake na kubishana nao katika nyengine. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa za minyoo katika skuli, na mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa tunzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hii ya kuchunguza umasikini kwa majaribio.

Sasa tuulizane: ni watoto wangapi wa mitaani mwetu tuliowaita wavivu, wakapigwa bakora chuoni, na huku damu yao yanyonywa na safura?

Atasema msemaji: hiyo ni ilimu ya wageni, yatuhusu nini? Jawabu yetu ni kwamba kilicho kigeni ni jina tu. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliihisabu miaka ya neema na miaka ya njaa, akaamrisha nafaka iwekwe akiba. Na Sayyidna Umar bin Khattab, naye ni Amiri wa Waislamu, imepokewa kwamba alitembea usiku akamkuta mwanamke ameteleka chungu kisichokuwa na chakula, awaliwaze wanawe hata walale. Akaenda akabeba unga mgongoni mwake mwenyewe. Lau angalingoja mama yule aje mlangoni, watoto wangalilala na njaa, naye angalidhani kuwa raia wake wameshiba. Huo ndio uchunguzi, na ndio mwendo wa wema waliotutangulia. Sisi ndio tuliouwacha.

Mwenyezi Mungu ameyaweka mafungu ya zaka kuwa manane, wala hakuyawacha kwa rai zetu. Mwenye deni haja yake si haja ya mgonjwa, na mvuvi aliyepotewa na nyavu, ukimpa kibaba cha mchele, umemshibisha leo na kesho umemwacha palepale.

Basi twatoa shauri hili. Kabla ya Ramadhani, kila mtaa uchague watu wawili waaminifu, na wanawake wawili wa kuingia kwa wanawake wenzao, wapite nyumba kwa nyumba. Wasiulize tu kama mtu ana dhiki, bali waulize dhiki yake ni ipi na imeanza wapi. Waandike katika daftari, na daftari hilo liwe amana: lisisomwe barazani, wala masikini asipigwe picha akipokea. Kisha baada ya mwaka warudi nyumba zile zile waulize: je, tulichotoa kimegeuza nini? Kama hakikugeuza kitu, tukiri, tubadilishe njia. Hiyo si aibu. Aibu ni kurudia kosa moja miaka ishirini na kuliita ada.

Mjane yule bado ni jirani yetu. Tutaulizwa juu yake, wala udhuru wa kwamba hatukujua hautatufaa, maana mlango wake tuliupita kila alfajiri.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotoa kwa ilimu na wakatoa kwa sitara. Amin. Wabillahi ttawfiq.