Tafakari ya Juma: Wawili Watangulie

Wapendwa, someni Yoshua sura ya 2. Mungu alikuwa amekwisha kuwaahidi Waisraeli nchi ya Kanaani, lakini kabla ya kuvuka Yordani Yoshua aliwatuma watu wawili kwa siri wakaitazame. Wapo wanaodhani kupeleleza ni upungufu wa imani. Mimi naona ni kuwajali wale utakaowavusha.

Tazameni yanayompata asiyepeleleza. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Aitken wa Waingereza alifika Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na askari wapatao 8,000 kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000 tu. King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Kiafrika walioijua nchi, walijitolea kusaidia, Aitken akakataa. Watu wake wakashushwa usiku penye mikoko ya Ras Kasone, mahali ambapo hakuna aliyetangulia kupakagua. Tarehe 5 walirudi melini, wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Vijana wa watu walikufa pale.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta watu wa namna nyingine. Roger Courtney, aliyekuwa mwindaji huku kwetu Afrika Mashariki, alianzisha kikosi cha mitumbwi cha Waingereza mwaka 1940. Machi 1941, yeye na baharia Nigel Clogstoun-Willmott walitoka kwenye nyambizi kwa mtumbwi wa kukunja, wakakaribia kisiwa cha Rhodes. Willmott, mwili umepakwa grisi kuzuia baridi, aliogelea gizani hadi ufukweni akaukagua karibu na walinzi wa adui. Baadaye aliunda kikosi cha kazi hiyo hiyo. Usiku wa mwisho wa 1943, wawili wa kikosi hicho waliogelea hadi ufukwe wa Normandy, Ufaransa, wakachota mchanga, ijulikane kama utabeba vifaru siku jeshi litakaposhuka pale.

Nami nawaza kamati zetu za msaada wa chakula hapa Isinya. Ukame ukibana tunakaa kanisani, tunaorodhesha unga na maharagwe, na gari linaondoka. Boma lenyewe huenda halina hata maji ya kuusongea huo unga. Hatukumtuma mtu.

Tena, wapelelezi wa Yoshua waliijua hali ya mji wa Yeriko kwa kinywa cha Rahabu, kahaba ambaye wengi wangempita bila salamu.

Basi kabla ya kikao kijacho, naomba wawili wawili mwende kwenye maboma, kwa miguu, mikono mitupu. Waulizeni akina mama wanaopanga foleni kisimani. Andikeni wanachosema, mkilete kwenye kamati kabla hatujanunua kitu.